Kuzalisha mbwa wadogo kwa uwajibikaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maltese, Chihuahua, Shih Tzu, Pomeranian, Yorkshire Terrier na Pug wanazidi kuonekana kwenye nyumba za ghorofa za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na wenye nao wengi hufika siku wakajiuliza kama wamzalishe. Wengi wetu tumekua tukiona mbwa wa mtaani akijizalia mwenyewe uvunguni mwa ghala bila msaada wa mtu. Jike wa kilo mbili na nusu hana uwezo huo. Nyonga yake ni nyembamba, watoto wake ni wachache lakini wana vichwa vikubwa, na hana akiba ya sukari wala ya kalisiamu mwilini ya kumvusha usiku mmoja mbaya. Kwa hiyo majibu yaliyo hapa yanaanzia kwenye mwili wa mama. Bei ya watoto itakuja baadaye.

Jike wangu ana miezi saba na ameshaingia kwenye joto. Nimpandishe?

Usimpandishe. Mbwa wa mbegu (aina) ndogo huwahi kupevuka, na joto la kwanza mara nyingi huja katika mwaka wa kwanza, wakati mwingine akiwa na miezi sita tu. Kuona damu hakumaanishi kwamba mwili umemaliza kukua. Subiri joto la pili au la tatu, na ni bora awe na miezi 18 hadi 24. Vipimo vya pia ya goti (kifupa cha mbele ya goti), ambavyo ndivyo vya kwanza kuulizwa kwa mbwa wadogo, havina uzito kabla hajatimiza mwaka mmoja. Ukimwahi kabla ya hapo unazalisha kwa kubahatisha.

Upande wa pili pia upo: jike aliyefikisha miaka mitano au sita bila kuzaa hata mara moja asianzishwe.

Wiki zote tatu za joto mfungie ndani, na umtoe kujisaidia ukiwa umeshika kamba. Mbwa dume wa mtaani mwenye kilo 20 hupita chini ya geti usilodhania, na watoto wake huenda wasiweze kutoka kwenye tumbo la Maltese bila kisu.

Nasikia ni vizuri jike azae mara moja kabla ya kufungwa kizazi. Ni kweli?

Si kweli. Hakuna faida ya kiafya anayoipata kwa kuzaa, na tabia yake haitulii kwa sababu hiyo. Anachokipata ni hatari ya uzazi. Kama huna nia ya kuzalisha, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi. Jike ambaye hajafungwa anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi, kwa kawaida wiki chache baada ya joto kwisha. Ugonjwa huo huua kwa siku chache: anakunywa maji kupita kiasi, anakataa chakula, tumbo linavimba, na wakati mwingine usaha hauonekani nje kabisa.

Nimpime nini kabla ya kumpandisha?

Hapa ndipo mzalishaji makini anapotofautiana na mwenye haraka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na magoti. Kwa mbwa wadogo pia ya goti huteleza ikatoka kwenye mfereji wake. Utamwona mbwa anatembea, ghafla anainua mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu, kisha anaendelea kama kawaida. Watu hucheka wakidhani ni madaha. Daktari hupapasa goti na kulipa daraja, kuanzia 1 hadi 4. Tatizo hili hurithiwa, na mbwa mwenye goti linaloteleza hapandishwi, hata awe mzuri wa sura kiasi gani.

Kisha moyo. Vali ya upande wa kushoto wa moyo huchakaa na kuvuja kwa mbegu nyingi ndogo, na Cavalier King Charles Spaniel ndiye anayejulikana zaidi kwa hilo kwa sababu kwake huanza mapema. Daktari akisikia mlio usio wa kawaida kwenye moyo wa mbwa kijana, hapo pameishia. Yorkshire na Maltese wapimwe damu kuangalia ini, maana wako wanaozaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini badala ya ndani yake. Macho yaangaliwe. Chihuahua apimwe magoti na moyo, na kama ana kichwa kilichovimba isivyo kawaida, macho yanayotazama pande tofauti na uzito wa kujifunza mambo madogo, achunguzwe kama ana maji kichwani. Utosi ulio wazi peke yake haumaanishi ugonjwa huo. Chihuahua wengi wanao na wanaishi vizuri.

Halafu kuna magonjwa ya huku kwetu ambayo orodha za Ulaya hazitilii mkazo. Uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana bado uko mitaani kwetu: mbwa anadondoka damu nje ya siku za joto, na ukichunguza unakuta kinyama chekundu kama koliflawa. Unatibika kwa sindano za vinkristini anazotoa daktari, lakini asipandishwe mpaka apone kabisa. Kipimo cha Brucella canis kifanywe kwa jike na dume, kwa sababu bakteria huyu huharibu mimba, na binadamu pia anaweza kuambukizwa. Pima na magonjwa ya kupe, hasa Ehrlichia na Babesia. Jike anayebeba Ehrlichia kimyakimya huwa na chembe chache za kugandisha damu, na hilo hutaki kuligundua akiwa kwenye meza ya upasuaji.

Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ni mahali pazuri pa kuanzia kama daktari wa jirani hana vifaa.

Nina dume na jike waliozaliwa pamoja, na wote ni wazuri sana. Kuna ubaya?

Upo. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wakizaana, kiwango cha uzao wa karibu kwa watoto wao ni asilimia 25, sawa na baba kumpanda binti yake. Ndugu wa mzazi mmoja ni asilimia 12.5, na binamu wa kwanza 6.25. Maana yake ni kwamba jeni mbovu ambayo babu aliibeba bila kuugua ina nafasi kubwa ya kukutana na nakala yake. Magonjwa mengi ya macho na ini hufanya kazi hivyo: wazazi wawili wazima, kila mmoja akibeba jeni moja mbovu, hupata mtoto mgonjwa mmoja kati ya wanne kwa wastani.

Kwetu tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu mbwa wa mbegu fulani mjini wanaweza kuwa wote wametoka kwa jozi mbili tatu zilizoletwa na ndege. Unadhani umekwenda kutafuta dume mbali, Ngong au Mbezi, kumbe ni mjomba wake. Omba cheti cha ukoo cha vizazi angalau vitatu. Kenya, East Africa Kennel Club ndiyo inayosajili mbwa wa mbegu na kutoa vyeti hivyo. Cheti hakisemi kwamba mbwa ni mzima, lakini kinakuonyesha babu zake.

Wateja wanaulizia “teacup”. Nizalishe wadogo zaidi?

Hakuna mbegu inayoitwa hivyo. Ni jina la biashara kwa mbwa aliye chini ya uzito wa mbegu yake, na mara nyingi ni mtoto dhaifu wa mzao, au aliyezalishwa kutoka kwa wazazi waliokuwa wadogo kupita kiasi, au aliyenyimwa chakula na kuuzwa kabla ya umri. Chihuahua anayefuata kanuni za mbegu yake hazidi kilo 3 hivi. Huyo tayari ni mdogo wa kutosha. Ukishusha hapo chini unapata mifupa inayovunjika akiruka kutoka kwenye kochi, sukari inayoshuka kila akikosa mlo, na dozi ya usingizi ambayo daktari anaogopa kuikisia.

Jike wa kuzalisha awe katika upande mkubwa wa kipimo cha mbegu yake, na dume asimzidi mwili. Mteja anayetaka mbwa wa kukaa kwenye mfuko wa koti mwambie huna.

Na hawa wa pua bapa, Pug na Shih Tzu?

Kukoroma kwa Pug si jambo la kuchekesha. Ni mbwa ambaye tundu za pua ni nyembamba na kaakaa laini ni refu kuliko nafasi iliyopo, na kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam anaweza kufa kwa kutembea saa saba mchana. Uholanzi tangu 2019 inataka urefu wa pua uwe angalau theluthi moja ya urefu wa kichwa ndipo mbwa apandishwe bila masharti. Norway ilikwenda mbali zaidi kwa Cavalier: mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliona kwamba uzalishaji wa mbegu hiyo uliokuwa mbele yake unavunja sheria ya ustawi wa wanyama.

Ukifuga mbegu hizi, chagua wazazi wenye matundu ya pua yaliyo wazi na pua inayoonekana kweli ukimtazama kwa upande. Mtembeze kwa mwendo wa kawaida dakika kadhaa. Akihema kwa sauti na kushindwa kutulia haraka, asizae. Na uwe umepanga upasuaji mapema, kwa maana wako Pug wasioweza kuzaa bila huo.

Rangi ya madoadoa ya kijivu (merle) inauzwa ghali. Nitumie wazazi wawili wenye rangi hiyo?

Kamwe. Mtoto anayerithi merle kutoka pande zote mbili anaweza kuzaliwa kiziwi, kipofu au vyote viwili.

Mimba huchukua muda gani, na mama ale nini?

Siku 63 kutoka yai linapotoka, lakini ukihesabu kutoka siku ya kupandishwa inaweza kusogea kwa siku kadhaa mbele au nyuma, kwa kuwa mbegu ya dume huishi ndani ya jike kwa siku nyingi. Kipimo cha homoni ya projesteroni wakati wa joto hukupa tarehe ya uhakika zaidi, na kwa jike ambaye huenda akahitaji upasuaji tarehe hiyo ina thamani kubwa. Ultrasaundi kuanzia siku ya 25 hivi inaonyesha mimba na mapigo ya mioyo. Eksirei baada ya siku ya 55 inahesabu watoto, nayo usiiache. Unapaswa kujua kama wako wawili au wanne, ili ujue kazi imekwisha au mmoja amekwama.

Chakula usikiongeze sana mwezi wa kwanza. Kuanzia wiki ya tano au ya sita mpe chakula cha watoto wa mbwa, kidogo kidogo mara nne kwa siku, kwa sababu tumbo limebanwa. Ugali na dagaa peke yake havitoshi. Usimpe kalisiamu ya ziada, wala madini ya ng'ombe. Mwili uliozoea kupewa kalisiamu tumboni kila siku husahau kuitoa kwenye mifupa, na maziwa yakija kwa wingi anaanguka.

Dawa ya kupe nayo uwe nayo macho. Amitrazi, ile wanayoogeshea ng'ombe na ambayo watu wengi hupunguza kwa maji na kumwagia mbwa, haifai kwa Chihuahua, haifai kwa watoto wa chini ya miezi minne, na haifai kwa jike mwenye mimba. Muulize daktari aina iliyo salama kwa uzito wake.

Nitajuaje kwamba uchungu umeanza, na ni lini nimpeleke kwa daktari?

Nunua kipimajoto cha kuingiza nyuma na umpime asubuhi na jioni kuanzia siku ya 58. Kwa kawaida atakuwa na nyuzi 38 hadi 39. Ikishuka chini ya 37.2, watoto watakuja ndani ya saa 24 hivi. Atakataa chakula, atatetemeka, atachimba kitanda chake. Hatua hiyo inaweza kuchukua nusu siku, na haihitaji chochote isipokuwa utulivu na wewe kukaa karibu.

Mambo yanayohitaji gari ni haya. Amesukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 na hakuna mtoto. Saa mbili zimepita tangu mtoto wa mwisho na eksirei inasema bado wako wengine. Majimaji ya kijani yametoka kabla ya mtoto wa kwanza, ishara kwamba kondo la nyuma limebanduka. Joto lilishuka jana na leo hakuna kinachoendelea. Siku 65 tangu apandishwe zimepita. Kati ya hayo hata moja linatosha, usisubiri kupambazuke.

Mimba ya mtoto mmoja iogope zaidi kuliko ya watano. Mtoto peke yake hutoa ishara dhaifu ya kuanzisha uchungu, na huku anazidi kunenepa.

Oksitosini, homoni ya kuchochea uchungu, inapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, na wapo wanaomdunga jike wakidhani wanamsaidia. Kama mtoto amekaa vibaya mlangoni, sindano hiyo inaweza kupasua mfuko wa uzazi. Iache mkononi mwa daktari. Na namba ya daktari anayepokea simu usiku, pamoja na ya mwenye gari, ziwe ukutani wiki mbili kabla. Hakikisha daktari mwenyewe amesajiliwa: Kenya ni kwa bodi ya madaktari wa mifugo, Tanzania ni Baraza la Veterinari.

Alizaa salama wiki mbili zilizopita, sasa anahema, anatetemeka na miguu imekakamaa. Ni nini?

Acha kusoma, waondoe watoto kwenye chuchu na umkimbize kwa daktari. Kalisiamu ya damu imeshuka kwa sababu ya kunyonyesha. Huwapata zaidi majike wadogo wenye watoto wengi, katika wiki nne za kwanza. Akifika kwenye degedege na homa kali anaweza kufa mchana huohuo. Tiba ni kalisiamu ya mshipani inayotolewa polepole huku moyo ukisikilizwa, na wengi huinuka mbele ya macho yako. Watoto wamaliziwe kwa maziwa maalumu ya watoto wa mbwa. Ya ng'ombe ni mepesi mno kwao, hayana mafuta na protini ya kutosha.

Watoto wachanga wanahitaji nini?

Joto, maziwa ya kwanza na mizani ya jikoni.

Wiki ya kwanza sanduku lao liwe nyuzi 29 hadi 32, kwani hawajui kutetemeka kwa baridi. Julai ya Nairobi huua watoto waliozaliwa wazima kabisa. Taa ya vifaranga inafaa, mradi upande mmoja wa sanduku ubaki baridi kidogo ili aliyepata joto ajiburute pembeni. Chupa ya maji moto ifungwe kwa taulo. Mtoto aliyepoa usimnyweshe; mpashe moto kwanza taratibu kifuani mwako, kwa maana tumbo lililopoa halisagi maziwa.

Wapime kila siku kwa saa ileile, kwa gramu, uandike. Kufikia siku ya saba hadi ya kumi kila mmoja awe amefikisha uzito wake wa kuzaliwa mara mbili. Asiyeongeza chochote kwa siku nzima yuko hatarini hata kama analala vizuri. Minyoo huwafikia tangu tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo dawa huanza wiki ya pili na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi ya nane, kwa dozi ya uzito.

Wakishaachishwa, milo minne au mitano kwa siku mpaka miezi mitatu au minne. Mtoto mdogo akilegea na kuyumbayumba kama mlevi, sukari imeshuka: mpake asali au glukosi kwenye fizi, kisha kwa daktari.

Azae mara ngapi maishani?

Mimi ningesema mara mbili au tatu, na apumzike mwaka kati ya mzao na mzao. Kennel Club ya Uingereza haisajili watoto wa jike aliyevuka mizao minne, wala aliyefikisha miaka minane, wala aliyekwisha kuzalishwa kwa upasuaji mara mbili. Hicho ndicho kikomo cha juu kabisa. Usikichukue kuwa shabaha. Akimaliza, mfunge kizazi, msafishe meno, na abaki na kitanda chake palepale. Kumpa mtu mwingine jike aliyekuzalia mara tatu kwa sababu “hana kazi tena” ni ukatili, hata kama hauvunji kifungu chochote.

Watoto waondoke na wiki ngapi?

Uingereza imepiga marufuku kuuza kabla ya wiki nane. Kwa mbegu ndogo kabisa ngoja kumi hadi kumi na mbili. Wawe wamepata chanjo ya kwanza ya parvo na distempa, ambayo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa wanapata wakitimiza miezi mitatu, na mnunuzi apewe kadi yenye tarehe hiyo. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili wazoee sauti ya blenda, watoto wa shule, radi, boda boda. Mbwa mdogo anayeng'ata kila mgeni mara nyingi alikaa wiki hizo kwenye banda lenye giza.

Usiwatoe kando ya barabara wakining'inizwa mbele ya madirisha ya magari, wala usiwakabidhi kwa dalali. Uingereza ilifunga njia hiyo mwaka 2020: mnunuzi lazima amwone mtoto akiwa na mama yake. Fanya vivyo hivyo kwako bila kungoja serikali.

Biashara hii inalipa?

Ukifanya kwa haki, kwa shida. Chihuahua huzaa mmoja hadi wanne. Ondoa vipimo, ada ya dume, eksirei, upasuaji ulioangukia usiku wa Jumapili, maziwa, chanjo na mtoto mmoja uliyemzika. Kinachobaki si mtaji wa duka. Wanaotajirika wamekata mojawapo ya hayo, na jike ndiye anayelipa tofauti. Kama unahitaji kipato, fuga kuku.

Mnunuzi amenipigia: mtoto niliyemuuza ana miaka miwili na goti limeanza kuteleza. Nifanye nini?

Msikilize, mwombe ripoti ya daktari, na kama kwenye mkataba uliahidi kumpokea mbwa wakati wowote wa maisha yake (uahidi hivyo), mpokee akirudishwa. Kisha wapigie wenye ndugu zake wote wa mzao ule wapelekwe kupimwa. Jozi ile usiirudie. Mama yake mpime upya magoti, na kama mzao wa pili umeshaonyesha tatizo hilohilo, mfunge kizazi. Mwenye dume mpelekee nakala ya ripoti leo, maana huenda juma lijalo ana jike mwingine anayesubiri.